Nyimbo za Dandora zisizikwe kwa jina la zilizopendwa

Miongoni mwa maneno ambayo Wakenya wameyazoea hata hawayafikirii tena ni hili: zilizopendwa. Hakuna asiyelijua. Likitajwa redioni, msikilizaji hutarajia gitaa la Daudi Kabaka au sauti ya Fadhili William, waimbaji waliotamba katika miaka ya 1960 na ambao wote wawili walituaga mwaka mmoja, 2001. Ni neno tamu kinywani. Hata hivyo, mwalimu wa sarufi akiliandika ubaoni na kulichanganua, atagundua mambo mawili. Kwanza, limo katika wakati uliopita: nyimbo hizo zilipendwa, wala hatuambiwi kwamba zapendwa. Pili, limo katika kauli ya kutendwa, na mtenda hatajwi. Zilipendwa na nani? Kwa sababu gani? Katika dhiki ipi, au katika raha ipi? Neno lenyewe limenyamaza.

Kila kizazi hufikiwa na siku ambapo nyimbo zake huingizwa katika sanduku hilo. Wazee wa Kaloleni na Makongeni waliingiza zao zamani. Sasa zamu imetufikia sisi tuliokuwa vijana katika miaka ya 1990, katika mitaa ya Mashariki mwa Nairobi inayojulikana na wote kwa jina la Eastlands. Muziki wa kufokafoka uliotoka Dandora, ambao baadhi ya wakubwa wetu waliuona kuwa kelele za watoto wasio na kazi, leo huchezwa katika usiku maalumu wa nyimbo za kale. Watu wazima wenye vitambi na funguo za magari huuimba neno kwa neno, huku wamefumba macho. Kwa upande mmoja nafurahi. Kwa upande wa pili nina wasiwasi, na wasiwasi huo ndio ninaotaka kuuweka mbele ya walimu wenzangu na wanafunzi: kwamba twazikumbuka nyimbo hizi kwa namna inayozinyamazisha.

Ili nieleweke vyema, naomba tuanzie mbali, kisha turejee nyumbani.

Katika miaka hiyohiyo ya 1990, vijana wa Marekani na Ulaya walikuwa na muziki wao wa malalamiko. Ulikuwa muziki wa roki ulioitwa granji, nao ulichipuka katika jiji la Seattle, pembe ya kaskazini-magharibi ya Marekani. Bendi zake mashuhuri zilikuwa Nirvana, Pearl Jam, Soundgarden na Alice in Chains. Mwimbaji wa Nirvana, Kurt Cobain, alizaliwa mwaka 1967 huko Aberdeen, mji mdogo wa wakata magogo ambao biashara yake ilikuwa ikififia. Alikulia mahali ambapo kazi za baba hazikutosha kurithiwa na watoto. Septemba 1991 bendi yake ilitoa albamu iliyoitwa Nevermind, na ilipofika Januari 1992 albamu hiyo ilikuwa imemwondoa Michael Jackson kileleni mwa orodha ya mauzo nchini Marekani. Hakuna aliyetarajia kwamba hasira ya watoto wa mji wa magogo ingemshinda mfalme wa muziki wa pop.

Sasa tazama, msomaji mpenzi, yaliyofuata. Wanamuziki hao walivaa mashati mazito ya mirabaraba kwa sababu kwao ni baridi, na kwa sababu mashati hayo yalikuwa rahisi na yalivaliwa na vibarua. Novemba 1992, mbunifu wa mavazi Marc Jacobs alionyesha mjini New York mashati ya namna hiyo yaliyoshonwa kwa kitambaa cha hariri. Vazi la kibarua likawa vazi la tajiri. Cobain alijiua Aprili 1994, akiwa na umri wa miaka 27, na tangu hapo uso wake umechapwa katika fulana zinazovaliwa na watoto ambao pengine hawajausikiliza wimbo wake hata mmoja hadi mwisho. Nguo imebaki, malalamiko yamesahauliwa.

Mashati hayo ya mirabaraba yalifika hata kwetu. Yalikuja ndani ya marobota ya mitumba, yakafunguliwa Gikomba, nasi tukayachagua asubuhi na mapema kabla ya wachuuzi wa mtaani hawajayamaliza yaliyo mazuri. Mimi nililivaa langu kwa miaka mitatu. Sikujua kwamba huko lilikotoka lilikuwa ishara ya uasi. Kwangu lilikuwa shati lisilopitisha baridi ya Julai. Lakini lilikuwa na hadithi yake hapa pia. Marobota yaleyale yaliyotuvika kwa bei nafuu ndiyo yaliyochangia kuviangusha viwanda vyetu vya nguo, baada ya milango ya uagizaji kufunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Baba wa jirani anafutwa kazi kiwandani, na mwanawe ananunua shati la Kimarekani kwa bei ya nauli. Mambo hayo mawili yalikuwa jambo moja, ila hatukuwa na wimbo wa kutuambia hivyo. Muda si muda, tukaupata.

Wimbo huo ulitoka Dandora, na si ajabu ulitoka huko. Mitaa ya Eastlands ina historia ndefu ya kupangiwa maisha na watu wasioishi humo. Pumwani ilianzishwa katika miaka ya 1920 ili Waafrika wa mjini wakusanywe mahali pamoja. Kaloleni ilijengwa katika miaka ya 1940. Makongeni ilikuwa ya wafanyakazi wa reli. Zikafuata Bahati, Jericho, Jerusalem na Maringo, kisha Buruburu na Umoja baada ya uhuru. Dandora ilianza mwaka 1975 kwa fedha za Benki ya Dunia na usimamizi wa Baraza la Jiji. Vilitengwa viwanja vipatavyo elfu sita, kila kimoja kikiwa na maji na mahali pa choo, na mwenye kiwanja akatakiwa ajijengee vyumba kadiri alivyoweza. Lilikuwa wazo la kusifiwa. Lakini katika miaka hiyohiyo ya 1970 ndipo jiji lilipoanza kumwaga taka zake pembeni mwa mtaa huo. Mtoto wa Dandora alizaliwa akaukuta moshi.

Miaka ya 1990 ikaongeza yake. Wanafunzi wa sasa wasomao historia hiyo vitabuni yafaa waambiwe na sisi tuliokuwepo jinsi ilivyokuwa. Julai 1990 watu waliitwa katika uwanja wa Kamukunji, uliomo humuhumu Eastlands, kudai vyama vingi, wakapokewa kwa marungu na risasi. Vyama vingi vikaruhusiwa Desemba 1991. Mwaka 1993 shilingi iliporomoka na bei za vyakula zikapanda hata mama akaingia dukani na noti aliyozoea, akatoka na nusu ya mfuko. Watumishi wa serikali walipunguzwa. Hospitalini na shuleni kulikuwa na mpango wa kugawana gharama, na mzazi asiyekuwa na cha kugawana alimrudisha mtoto nyumbani. Walimu nao hawakusalimika: Oktoba 1997 tuliweka chaki chini nchi nzima, tukaahidiwa nyongeza ya kati ya asilimia 150 na 200 itakayolipwa kwa awamu. Mwaka 1998 tukagoma tena kwa sababu ahadi ilikuwa imekwama njiani.

Ndani ya hali hiyo ndimo walimoinukia vijana watatu wa Dandora waliojiita Kalamashaka: Kamaa, Oteraw na Johnny Vigeti. Mwishoni mwa miaka ya 1990 walitoa wimbo ulioitwa Tafsiri Hii. Ulikuwa wimbo wa kufokafoka juu ya maisha magumu ya mtaani, njaa na polisi, na juu ya kijana anayejaribu kuwa mwema mahali ambapo wema haumlishi mtu. Si kwamba hapakuwa na wengine. Jimmy Gathu alikuwa amekwisha kufoka kwa Kiingereza mwanzoni mwa muongo huo, akiwaasa watu juu ya ajali za barabarani. Hardstone alitumia Kikuyu katika wimbo wake Uhiki, na Poxi Presha akatumia Kijaluo katika Otonglo Time. Jirani zetu wa Tanzania walikuwa wametutangulia kwa Kiswahili: Saleh Jabir alifoka kwa lugha hiyo mnamo 1991, na Mr. II akaifanya kuwa sauti ya wanyonge kabla ya kuingia bungeni mwaka 2010 kwa niaba ya Mbeya Mjini. Lakini kwetu Nairobi, Kalamashaka ndio waliotushawishi kwamba kijana anaweza kufoka kwa Kiswahili cha mtaani kwake, asiige lafudhi ya Brooklyn, na bado asikilizwe nchi nzima.

Ikumbukwe kwamba kusikilizwa kulikuwa jambo gumu. Hadi mwaka 1996, ilipoanza Capital FM, mawimbi ya redio yalikuwa mikononi mwa shirika la taifa peke yake. Redio mpya nazo zilipenda nyimbo za ng'ambo. Basi wimbo wa Dandora ulisafiri kwa kanda, na kanda ilisafiri kwa matatu. Namkumbuka dereva mmoja wa njia ya 58, iendayo Buruburu, aliyekuwa na spika kubwa chini ya kiti cha nyuma. Ukikaa hapo, besi ilikupanda mgongoni hata ukashuka ukitetemeka. Kanda ikikwama, utingo aliichomoa na kuizungusha kwa kalamu ya wino. Watunzi walipata sifa nyingi na fedha kidogo, kwa maana kanda hizo zilinakiliwa ovyo katika vibanda vya mjini, na aliyenakili ndiye aliyefaidi.

Wakati huo mimi nilikuwa mwalimu kijana wa Kiswahili katika shule moja ya upili ya Eastlands, nikikaa chumba kimoja Umoja. Niliona jambo ambalo sijapata kulisoma katika makala zinazousifu muziki wa enzi hiyo. Vijana hao walikuwa watoto wa 8-4-4. Mfumo huo ulipoanza mwaka 1985, Kiswahili kilifanywa somo la lazima na la kutahiniwa, kutoka msingi hadi upili. Kabla ya hapo, mwanafunzi aliweza kumaliza shule bila ya kuhukumiwa kwa Kiswahili chake. Baada ya hapo, mtoto wa Kayole na mtoto wa Kariobangi walikaa miaka minane wakiandika insha, wakifasiri methali na kuhesabu mizani, wapende wasipende. Ni maoni yangu, na niko tayari kuyatetea, kwamba ufokaji wa Dandora haukuota jangwani. Ulilimwa kwanza na walimu wa Kiswahili ambao majina yao hayamo katika jalada la kanda yoyote.

Litazame jina lenyewe la wimbo. Tafsiri Hii. Si jina la mahaba wala la majigambo. Ni amri, tena amri ya darasani, yenye harufu ya karatasi ya mtihani. Mtahini humwamuru mwanafunzi afasiri. Hapa mwanafunzi amegeuka, anamwamuru mtahini. Anasema: nimekaa miaka mingi nikifasiri maneno yenu, sasa nanyi fasirini maisha yangu. Sijui jina la wimbo lililo zito kuliko hilo katika muongo ule.

Majilisi za walimu, hata hivyo, zilikuwa na mgogoro. Kila Jumatatu asubuhi suala lilikuwa Sheng. Mwenzangu mmoja, mtu wa Pwani mwenye Kiswahili kama maji ya kisima, alidai kwamba kufoka huku kungeuharibu ulimi wa watoto na kwamba tungekuja kusahihisha insha tusizozielewa. Mwingine, mzaliwa wa Bahati, alijibu kwamba Sheng ilikuwepo Eastlands kabla ya hao waimbaji kuzaliwa, na kwamba waliotaka kuizika wangeikuta imekwisha kuhudhuria matanga yao. Wote wawili walikuwa na hoja. Insha zilikuwa zimeanza kuingiliwa kweli. Lakini mjadala wote ulihusu maneno, na hapana aliyeuliza maneno hayo yalikuwa yakisema nini.

Siku moja katika kipindi cha ushairi, tukiwa tunamsoma Muyaka bin Haji, mwanafunzi wa kidato cha tatu aliinua mkono. "Mwalimu," akasema, "huyu Muyaka anaitaja Mombasa yake, watu wake na vita vyao. Mbona sisi hatuna shairi kitabuni linalolitaja jaa?" Darasa likacheka. Mimi nilimwambia swali lake ni zuri, nikaliandika ubaoni, na kipindi kizima kilichobaki kikawa cha kulijibu.

Naomba nilirejelee swali hilo, kwa sababu bado lina uhai. Muyaka, aliyefariki mwaka 1840, anaheshimiwa na wataalamu kwa kuutoa ushairi wa Kiswahili katika mambo ya dini peke yake na kuuingiza sokoni na katika siasa za mji. Alitunga kwa Kimvita, lahaja ya kwao, wala hakuna mwalimu anayemkata alama kwa hilo. Alijibizana na wapinzani wake kwa beti, akatumia mafumbo yaliyoeleweka na wenye mji. Vijana wa Dandora walifanya nini tofauti? Walitumia lahaja ya kwao, wakajibizana, wakafumba, wakautaja mji wao kwa jina. Vina walivijua, takriri waliijua, na taswira zao zilikuwa kali kwa sababu hawakuhitaji kuzibuni. Sisemi kwamba wao ni Muyaka. Nasema kwamba anayeweza kumfundisha mmoja anazo zana za kumfundisha mwingine.

Hata undugu wa Dandora na Pwani haukubaki katika nadharia. Kalamashaka walitoa albamu yao Ni Wakati mwaka 2001. Kundi kubwa la vijana waliowazunguka, lililojiita Mau Mau, liliungana na Ukoo Flani, wafokaji wenye asili ya Mombasa, na jina likawa Ukoo Flani Mau Mau. Mwaka 2004 ikatoka albamu ya pamoja iliyoitwa Kilio cha Haki, iliyorekodiwa humuhumu Eastlands na makumi ya wasanii. Waliolichagua jina la Mau Mau hawakuwa wakicheza. Walitaka kusema kwamba deni la wapigania uhuru halijalipwa, na kwamba wajukuu ndio wanaolidai.

Haya ndiyo ninayoyaona yakitoweka. Nyimbo zilizotungwa kama mashtaka zinarejeshwa kwetu kama peremende. Twakumbuka midundo, twakumbuka suruali pana na viatu vizito, twakumbuka matatu ya 58. Twasema, "Enzi zetu muziki ulikuwa muziki!" Hatusemi lolote juu ya kilichoshtakiwa. Maadamu hatukisemi, twaweza kuusikia wimbo juu ya jaa la taka katika ukumbi wenye viyoyozi, tukaagiza kinywaji kingine.

Na jaa je? Jaa la Dandora lilitangazwa kuwa limejaa mwaka 2001, mwaka uleule wa Ni Wakati. Malori hayakusita, yaliendelea kuja miaka mingi baada ya hapo. Mwaka 2007 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, ambalo makao yake makuu yako hapahapa Nairobi, katika mtaa wa Gigiri, lilitoa ripoti ya uchunguzi wa watoto 328 wa kati ya miaka 2 na 18 walioishi kandokando ya jaa hilo. Nusu yao walikutwa na madini ya risasi damuni kupita kiwango kinachokubalika. Madini hayo, ndugu zangu walimu, huudhuru ubongo unaokua. Mtoto anayekaa nyuma ya darasa, anayesahau leo alichofundishwa jana, na ambaye sisi humwandikia katika ripoti kwamba hana bidii, pengine alikuwa amebeba moshi wa jiji zima ndani ya mishipa yake. Waimbaji walikuwa wameutaja moshi huo kabla wataalamu hawajaupima. Wimbo ulitangulia, maabara ikafuata.

Hii ndiyo sababu nakataa kuziita nyimbo hizi zilizopendwa tu. Wimbo wa mapenzi ukizeeka, hauna madhara. Aliyependwa ameolewa au amekufa, nasi twabaki na utamu. Wimbo wa mashtaka hauzeeki hadi kesi iamuliwe.

Kuna njia nyingine ya kuunyamazisha wimbo, nayo ni kuukweza jukwaani. Mwaka 2002 Gidi Gidi Maji Maji walitoa Unbwogable, wimbo wa vijana wanaokataa kutishwa. Muungano wa NARC ukaufanya wimbo wa kampeni, na Desemba ya mwaka huo ukashinda. Wanasiasa waliucheza kwa miguu mizito, na nchi ikafurahi, nami nilikuwa miongoni mwa waliofurahi. Lakini wimbo ulipokwisha kuwa wa washindi, aliyetaka kuwalalamikia washindi hao hakuweza kuutumia tena. Ni yaleyale ya shati la mirabaraba kushonwa kwa hariri.

Nisije nikadhaniwa kuwa naitukuza miaka ya 1990 kupita kiasi. Nyimbo nyingi za wakati huo zilikuwa za anasa na za majigambo, na baadhi hazikuwa na maana hata siku zilipotoka. Nasi tuliozipenda tumepewa na umri tabia mbaya ya kuwabeza vijana waliotufuata. Mwaka 2018 kundi la Ethic kutoka Umoja lilipoanzisha wimbi la muziki ulioitwa gengetone, wenzangu wengi walipaza sauti: muziki umekufa, maadili yamekufa, lugha imekufa. Matusi yalikuwemo katika nyimbo hizo, sikatai, na mwalimu ana wajibu wa kuyakemea. Lakini maneno hayo ya kilio niliyatambua. Ni yaleyale yaliyosemwa majilisini mwetu mnamo 1997. Na Juni 2024, vijana walipojaa mabarabarani kuupinga Mswada wa Fedha, walikuja na nyimbo zao, kwa lugha yao ya mitaani, wala hawakutuomba sisi wazee kanda zetu. Kizazi kinachodhaniwa kuwa hakina ujumbe kilikuwa kimekosa msikilizaji tu.

Basi tufanye nini? Kwa walimu wenzangu nina ombi moja lililo rahisi. Fasihi simulizi imo katika silabasi, na wanafunzi huambiwa wakusanye nyimbo za jando, za mavuno na za kubembelezea watoto. Ni vyema. Wapeni pia kazi ya kukusanya nyimbo za mtaa wao za miaka ya 1990. Mwanafunzi wa Kayole na amwendee mjomba wake, amwombe amwimbie alichokiimba akiwa na umri wa miaka kumi na saba, akiandike, akifasiri kwa Kiswahili sanifu, kisha aulize maswali matatu. Mwimbaji analalamikia nini? Anamlalamikia nani? Jambo hilo liko wapi leo? Swali la tatu ndilo lenye uzito. Hapo ndipo mwanafunzi atakapoondoka kwenye daftari, atembee hadi mahali palipotajwa, na kutazama kwa macho yake.

Kazi hiyo itawafaidi wote wawili waliokuwa wakigombana majilisini. Mpenzi wa Kiswahili sanifu atafurahi, kwa sababu hakuna zoezi linaloupima ufasaha wa mwanafunzi kuliko kuigeuza Sheng ya mjomba kuwa Kiswahili kinachoeleweka Tanga na Lamu. Mtetezi wa lugha ya mtaa naye ataridhika, kwa kuwa maneno ya mtaa yatakuwa yameandikwa na kuhifadhiwa kabla wenyewe hawajaondoka. KCPE, mtihani uliowalea watoto hao wa 8-4-4, ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, na mfumo wenyewe unakunja jamvi. Huu ndio wakati wa kuandika ulichotuachia.

Kwa wanafunzi nasema hivi. Msikubali kuambiwa kwamba mlichelewa kuzaliwa. Sisi tunaowaambia hivyo tunaulilia ujana wetu, na ujana hauna uhusiano na ubora wa muziki. Zisikilizeni nyimbo za Dandora kama mnavyosikiliza ushahidi wa mzee barazani: kwa adabu, na kwa masikio ya kuhoji. Palipo na ukweli ushikeni, palipo na majigambo pacheni. Kisha tungeni zenu, kwa lugha safi kadiri mwezavyo, na mtaje mahali na mambo kwa majina yake, ili atakayewasikia baada ya miaka thelathini asipate nafasi ya kusema kwamba hakuambiwa.

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Vijana watatu wa Dandora walituonyesha ufa, wakatuamuru tuufasiri. Mtihani ule haujasahihishwa, na karatasi ingali mezani.